Kikosi cha watu kumi, vizibo vya soda na hazina ya Magadi

Leo naweka kando lugha za programu na hifadhidata, nizungumzie mchezo. Sizungumzii mchezo wa kwenye kompyuta. Huu unachezwa mezani, kwa rula, kwa bahati nasibu na kwa visanamu vyenye urefu wa kidole kimoja. Nina hoja moja tu, nayo naitaja mapema ili asiye na muda ajue anachokipata: kijana wa Kitengela au Kajiado anayetaka kuunda kikosi cha mchezo wa njozi hana haja ya kusubiri sanduku kutoka Uingereza. Alipe kitabu cha sheria, halafu kikosi akiunde mwenyewe. Na akikiunda mwenyewe, afikirie vizuri anaweka sura za nani mezani.

Haya, tuanze.

Kwa wasioufahamu

Michezo ya visanamu ipo ya aina nyingi. Ile mikubwa inataka majeshi ya watu mia, na gharama yake ni ya kununulia ng'ombe. Ile midogo inataka kikosi cha watu kumi au kumi na watano. Mwaka 1999 kampuni ya Games Workshop ya Uingereza ilitoa Mordheim, mchezo wa vikosi vidogo vinavyogombania mawe ya ajabu katika jiji lililoharibiwa. Mwaka 2015 Osprey Games ilitoa Frostgrave, kilichoandikwa na Joseph A. McCullough, na toleo la pili likafuata mwaka 2020. Huu wa pili ndio nitakaoutumia kama mfano, kwa sababu moja kubwa: kitabu chake hakikulazimishi kutumia visanamu vya kampuni fulani. Vipo vinavyouzwa rasmi, kwa mfano sanduku la plastiki la North Star lenye vipande vya kuunda askari 20, lakini sheria hazijali umetoa wapi kisanamu chako. Ukitaka kutumia punje ya maharagwe, tumia.

Wabantu wa pwani wanalijua jambo hili tangu zamani. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na kete ni mbegu za mkomwe. Hakuna aliyewahi kufukuzwa barazani kwa sababu kete zake hazina nembo ya kampuni. Ukikosa mkomwe, unaokota kokoto. Wamaasai nao wana enkeshui, mchezo wao wa mashimo na vijiwe. Mchezo ni sheria na akili za wawili waliokaa. Kete ni alama tu.

Jinsi kikosi kinavyoundwa

Frostgrave kinahusu jiji la kale liitwalo Felstad lililofunikwa na barafu kwa karne nyingi. Barafu imeanza kuyeyuka, na wenye elimu ya siri wanaingia na vikosi vyao kutafuta hazina. Kila mchezaji ana kiongozi mmoja, mwanagenzi wake, na askari wasiozidi wanane. Jumla kumi. Kiongozi anachagua shule moja kati ya kumi za elimu ya siri, na anaanza na nguvu nane: tatu za shule yake, tatu za shule zinazopatana nayo, na mbili za shule nyingine.

Kisha kuna bajeti. Hapa ndipo sisi waandika programu tunapopapenda. Katika toleo la 2015 unaanza na sarafu 500 za dhahabu. Mwanagenzi anakula 200. Unabaki na 300, na mimi ningezigawa hivi:

- Wapiga mishale wawili, 50 kila mmoja: 100
- Askari wa miguu mmoja: 50
- Msaka hazina mmoja: 80
- Wezi watatu, 20 kila mmoja: 60
- Mbwa mmoja: 10

Jumla 300 kamili, askari wanane kamili. Toleo la 2020 limebadilisha bei na masharti, kwa hiyo usinakili orodha hii kama ilivyo ukiwa na kitabu kipya. Fuata mantiki yake tu.

Kwa nini wezi watatu? Kwa sababu mchezo huu haushindwi kwa kuua, unashindwa kwa kubeba. Atakayetoka mezani na mizigo mingi ya hazina ndiye mwenye siku yake. Aliyebeba mzigo mwendo wake unapungua nusu, kwa hiyo unataka watu wengi wa bei rahisi wenye miguu myepesi. Mbwa anakimbia kuliko wote lakini hawezi kubeba hazina. Kazi yake ni kuwasumbua wa upande wa pili.

Tuangalie pia kama ghali ni bora. Wapiganaji wawili wakikutana, kila mmoja anapata namba kati ya 1 na 20, anaongeza uwezo wake wa kupigana, na mwenye jumla kubwa anashinda. Askari wa miguu ana +3, mwizi ana +1. Tofauti ni 2. Jozi zote zinazowezekana ni 400. Ukizihesabu utaona askari anashinda katika 229, wanatoka sare katika 18, na mwizi anashinda katika 153. Yaani mwizi wa sarafu 20 anamshinda askari wa sarafu 50 zaidi ya mara moja katika kila mara tatu. Kwa bei ya askari wawili unapata wezi watano. Anayejaza kikosi mashujaa wa sarafu 100 anapendeza kwenye picha, lakini mikono ya kubeba hana.

Jambo jingine ambalo wageni hawalitarajii ni kwamba watu hufa. Baada ya mchezo, kila askari aliyeangushwa anatolewa namba kati ya 1 na 20. Akipata 1 hadi 4, amekufa. 5 hadi 8, ameumia na hatacheza mchezo ujao. Nafasi moja katika tano ya kumpoteza mtu uliyempaka rangi kwa siku tatu! Kisanamu chenyewe hakifi lakini. Kinarudi kikiwa na jina jipya, na hadithi ya kikosi chako inaongezeka ukurasa.

Injini na ngozi

Wanaoandika programu wanajua tofauti ya injini na ngozi. Injini ndiyo inayofanya kazi. Ngozi ndiyo mtumiaji anayoiona. Mwaka 2004 ilipotoka Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, wataalamu walioihusika Dar es Salaam hawakuandika upya hesabu za ndani. Injini ilikuwa huria, wao wakabadilisha kile ambacho binadamu anakisoma. Ghafla mama wa ofisini akaona "Faili" na "Hariri" na kompyuta ikawa yake.

Kitabu cha sheria ni injini. Jiji la barafu ni ngozi. Sasa niambieni, kijana wa Kajiado ambaye hajawahi kuona theluji isipokuwa ile ya Kilimanjaro kwa mbali anahitaji jiji la barafu la nini, na Ziwa Magadi liko chini ya barabara?

Fikirieni. Uwanda mweupe hadi macho yanauma, tabaka gumu la magadi lililopasuka kama vigae. Sehemu nyingine maji yana rangi ya waridi kwa sababu ya viumbe vidogo vinavyopenda chumvi. Kandokando kuna chemchemi za maji ya moto, na ndani yake wanaishi samaki wadogo ambao wangekufa kama wangekuwa samaki wa kawaida. Heroe wamesimama. Upande wa mji kuna mabehewa, mitambo na vilima vyeupe vya kiwanda ambacho kampuni yake ilianzishwa mwaka 1911 na kuchukuliwa na Tata mwaka 2005. Mbuni wa michezo wa Ulaya angelipa pesa kuwaza mahali kama hapa. Badilisha neno "barafu" uandike "magadi". Badilisha "mnara ulioganda" uandike "chemchemi inayotokota". Sheria zenyewe zinabaki palepale. Hujagusa hata mstari mmoja wa injini.

Ukiendelea na barabara ya Magadi kutoka Kiserian utafika Olorgesailie, ambako Louis na Mary Leakey walichimba miaka ya 1940 na kukuta mashoka ya mawe yametapakaa kwa wingi. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2018 zilionyesha kwamba miaka takriban 300,000 iliyopita watu wa pale walikuwa wakitumia rangi nyekundu na nyeusi, na wakipata mawe ya obsidiani kutoka kilomita 25 na zaidi. Kwa hiyo kuagiza mali ghafi kutoka mbali na kupaka vitu rangi si mambo ya juzi katika kaunti hii. Sisi ni wateja wa zamani sana.

Vifaa viko Kitengela

Ukiagiza sanduku kutoka nje utalipa bei ya sanduku, usafiri, ushuru, na VAT ya asilimia 16 juu yake. Kwa mwanafunzi hapo mchezo umekwisha kabla haujaanza. Sasa tuangalie kilichopo.

Mwili: waya mwembamba wa kufungia nondo. Kata kipande, kunja katikati, pinda miguu na mikono. Lengo ni milimita 28 hivi kutoka unyayo hadi macho. Watoto wetu wanaunda magari ya waya yenye usukani unaofanya kazi. Mtu wa waya hatawashinda.

Nyama: putty ya sehemu mbili inayouzwa kwenye hadwea, ile ya kuzibia mabomba. Inafinyangika kwa muda mfupi kisha inakuwa jiwe. Fanya kidogo kidogo, lowesha kidole kwa maji. Na hili pia si jipya: watoto wachungaji wamefinyanga ng'ombe wa udongo, wenye nundu na pembe, tangu kabla ya plastiki kuvumbuliwa. Kisanamu cha kwanza cha mchezo Kajiado kilikuwa fahali.

Kichwa, ngao na mapambo: shanga. Ushanga mmoja wa milimita tatu au nne ni kichwa kizuri. Vipande vya shuka iliyochakaa ni majoho. Kipande cha kopo la bati ni upanga.

Kitako: kizibo cha soda. Kina upana wa karibu milimita 30, kinatosha kabisa. Kijaze mchanga na gundi ili kisanamu kisianguke.

Uwanja: futi tatu kwa futi tatu zinatosha kwa watu wawili. Maboksi, vigae vilivyovunjika, trei za mayai. Tepu ya fundi ina inchi upande mmoja, na sheria zinapima kwa inchi.

Namba: mchezo unataka dadu ya pande ishirini. Usijaribu kuchanganya dadu mbili za kawaida. Zile zinakupa 7 mara sita katika 36 na 12 mara moja tu, wakati dadu ya pande ishirini inaipa kila namba asilimia 5 sawasawa. Andika programu ya mistari mitatu kwenye simu, au weka vizibo 20 vyenye namba kwenye mfuko. Ukitoa kizibo, kirudishe kabla ya kutoa kingine, la sivyo hesabu zote nilizokupa hapo juu zinaharibika.

Onyo moja: usinyunyize magadi halisi mezani. Unga ule unaolainisha githeri ni alkali, unavuta unyevu, unawasha macho, na haupatani na rangi wala gundi. Tumia mchanga uliopakwa rangi nyeupe.

Wenye printa za 3D nao watasema mbona nasumbuka na waya. Ukiwa nayo, tumia. Faili za bure zipo nyingi, na hata sheria za bure zipo, kwa mfano za OnePageRules. Lakini printa inahitaji umeme usiokatika na mtu wa kuitengeneza. Waya unahitaji koleo.

Nani yuko mezani?

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike. Kuna kampuni ya Uingereza iitwayo Foundry ambayo kwa miaka mingi imeuza visanamu chini ya jina Darkest Africa. Vimechongwa kwa ustadi mkubwa, sibishi. Lakini angalia mchezo unavyopangwa kwa kawaida katika michezo ya aina hiyo: kuna mvumbuzi Mzungu mwenye jina, tabia na bunduki, halafu kuna "wenyeji" wanaotoka msituni kwa makundi, hawana majina, na kazi yao ni kuanguka. Upande mmoja una watu, upande wa pili una idadi.

Huo si mchezo mtupu kwa mtu anayeishi Kajiado. Makubaliano ya 1904 na 1911 yaliyowahamisha Wamaasai kutoka malisho yao ya Bonde la Ufa yana wajukuu wanaoishi hapa hapa. Kuna Mmaasai mwenye jina, mwenye historia, mwenye akili ya vita na ya siasa. Mbatiany alipofariki karibu mwaka 1890, wanawe Olonana na Sendeyo walipigania urithi wa uongozi wake wa kiroho, na nchi ikagawanyika nyuma yao. Vilele vya Mlima Kenya, Batian na Lenana, vinabeba majina ya baba na mwana. Mwandishi wa njozi akiibuni hadithi hiyo tutamsifu kwa ubunifu. Sisi tunaipita kila siku kwenda kununua visanamu vya watu wenye ndevu nyekundu.

Kwa hiyo wape watu wako majina. Mpiga mishale wako awe na jina, mwizi wako awe na deni alilokimbia Bissil, mbwa wako awe na masikio yaliyokatwa. Mchezo wenyewe unakuruhusu. Kazi ya kumfanya kisanamu kuwa mtu ni yako.

Na hapa niongeze tahadhari kwa ndugu zangu. Kwanza, neno. Wengi hutafsiri kiongozi wa kikosi kama "mchawi". Mimi silitumii. Katika nchi yetu neno hilo limeua watu. Mwaka 2008 watu 11 walichomwa moto Kisii kwa tuhuma za uchawi. Sitaki mtoto wa miaka kumi ajifunze kwamba ni neno la kuchezea. Nasema "mjuzi" na "mwanagenzi", na mchezo haujapungukiwa na kitu. Wala singemfanya oloiboni kuwa kisanamu cha kurusha moto, kwa sababu huo ni wadhifa wa kiroho wa watu walio hai.

Pili, biashara. Louis Vuitton ilipoonyesha nguo zenye mfano wa shuka katika mkusanyiko wake wa 2012, tuliuliza kwa haki Wamaasai wamepata nini. Swali hilo halibadiliki kwa sababu muuzaji ni kijana wa Kitengela mwenye printa. Kuunda morani kwa ajili ya meza yako ni sanaa. Kuuza faili la morani kwa watu elfu ni biashara, na biashara inaanza kwa kuomba na kukubaliana.

Watakaopinga

Wa kwanza atasema: huu ni mchezo wa Wazungu, tuuache. Namuuliza, shanga je? Shanga za kioo zililetwa na wafanyabiashara kutoka Ulaya, nyingi zikitoka Bohemia, nchi ya Ucheki ya leo. Kinamama wa Kimaasai wakazichukua, wakazipa rangi maana zao, wakazipanga kwa umri na hadhi, na leo hakuna kitu cha Kimaasai kuliko shanga. Kitu hakiwi chako kwa kuzaliwa kwako. Kinakuwa chako kwa kazi unayokifanyia. Na mnajua kioo kinahitaji nini ili mchanga uyeyuke kwa joto la chini? Soda ya magadi. Sisi tunauza magadi, tunanunua shanga. Angalau Kitengela Glass, huko karibu na mbuga, wanayeyusha vioo vilivyotupwa na kutengeneza shanga papa hapa.

Wa pili atasema: kama ni kujiundia, basi tunakili na kitabu cha sheria bila kulipa. Hapana. Mimi nakula kwa kuandika programu, na sitamwambia mtu aibe kazi ya mwandishi. Mtu aliyepima namba zile hadi mwizi na askari wakalingana hivyo amefanya kazi. Kitabu kimoja kinatosha meza nzima, mkichanga wanne ni pesa ya nyama choma. Asiye na uwezo atumie sheria za bure. Wazo la mchezo kwa kawaida halina mwenyewe. Maandishi na picha zina mwenyewe.

Wa tatu atasema visanamu vya waya ni vibaya kuviangalia. Vya kwanza, ndiyo. Cha kumi hakitakuwa kama cha kwanza, na kikosi ni watu kumi. Hesabu hiyo nayo mnaiona.

Basi nawaachia kazi ya wikendi: waya, putty, vizibo kumi vya soda. Msianze na mjuzi, maana yeye anataka mkono uliozoea. Anzeni na wezi.